Kihisi na Saketi Yake

Taa ya injini ikiwaka Tandika au Tegeta, jijini Dar es Salaam, fundi umeme huchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, hutazama kioo kidogo, kisha hutoa hukumu: "Bosi, sensa ya maji imekufa." Mwenye gari hushika njia ya Gerezani kutafuta sensa nyingine. Kama injini ni ile iliyokuja na gari, huenda hukumu hiyo ni ya haki. Kama ni injini ya mtumba iliyofungwa baada ya ile ya kwanza kunoki, mara nyingi sensa mpya haibadilishi kitu, na sehemu ya lawama naielekeza kwenye istilahi.

Wanaistilahi wana neno kihisi, kutokana na hisi, kwa kiambishi kilekile cha vifaa kama kizibo na kifungo. Limejengwa vizuri, ingawa limekaa jirani na kihisishi cha darasani, kile cha "lo!" na "ala!". Gereji husema sensa, japokuwa neno hilo lina kazi nyingine kubwa: tarehe 23 Agosti 2022 nchi nzima ilihesabiwa kwa Sensa ya Watu na Makazi. Hakuna aliyechanganyikiwa. Kihisi au sensa, kwangu yote yanafaa.

Neno linaloniuma ni lililodondoka njiani. Msimbo P0115 unaoonekana kwenye mashine hiyo ya kupimia, kwa maelezo yake rasmi, unataja hitilafu ya saketi ya kihisi cha joto la maji ya injini. P0335 nao unataja saketi ya kihisi cha krankishafti. Saketi ni njia nzima: kihisi chenyewe, soketi yake, waya unaopeleka ishara, waya unaorudi, na kompyuta ya injini, ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi. Tukisema "sensa imekufa" tumeacha saketi nje, na kihisi kinabebeshwa makosa ya ukoo mzima.

Kwenye gari lenye injini ya kubadilisha, ukoo huo una majeraha. Injini hufika ikiwa waya zake zimekatwa karibu na soketi, na fundi huziunga na waya za gari kwa kufuata rangi. Rangi hudanganya: waya wa rangi moja unaweza kuwa na kazi mbili tofauti katika matoleo mawili ya Corolla. Cha kufuata ni herufi za pini kwenye mchoro wa boksi. Kwa Toyota, VC ni volti 5 za kulisha vihisi, THW ni ishara ya joto la maji, NE ni ishara ya mzunguko wa krankishafti, E2 ni njia ya vihisi kurudi kwenye boksi. Tena injini ya distributa na injini kama 1NZ-FE, ambayo gurudumu la kihisi chake lina meno 34 na pengo la meno mawili, hazisemi lugha moja. Boksi la ile ya kwanza haliwezi kuisoma ya pili hata ukiunga waya kwa ustadi gani.

Turudi kwenye sensa ya maji. Ndani yake mna kipinzani kinacholegea kadiri joto linavyopanda: kwenye nyuzi 20 kina ohmu kati ya 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 kimeshuka hadi karibu 300. Chomoa soketi na mashine itaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Mbagala haijawahi kuiota. Sasa unganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya. Kama namba inaruka hadi nyuzi 140 hivi, waya na boksi ni vizima, nenda kanunue sensa. Kama haisogei, baki na fedha yako, fuata waya.

Kuna hali mbaya zaidi, ile isiyowasha taa. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe hupata kutu ya kijani baada ya masika moja. Kutu ikiongeza ohmu 2,000, boksi huamini injini ni ya baridi siku zote na humimina petroli. Namba bado inaaminika, kwa hiyo mara nyingi msimbo hautokei. Na kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, mshale wa joto kwenye dashibodi una kihisi chake cha waya mmoja, kwa hiyo dereva anauona umetulia huku gari likinywa.

Kosa la mwisho nalo ni la jina. Mafundi wana "ethi" moja tu, na E2 wakiikuta imekatika huifunga kwenye bodi kama waya wa taa. Lakini bodi hubeba mkondo wa stata, feni na taa, na kila mkondo huo husogeza kidogo ile sifuri ambayo boksi hupimia. Vitabu vya umeme wa majumbani vina "waya wa ardhi", jina lisilofaa kwa gari lililosimama juu ya mpira. Kwa E2 ningependekeza "waya wa kurudi": unaanzia kwenye kihisi, unaishia kwenye boksi, na njiani haugusi bodi.