Kura ya Kutokuwa na Imani

Kura ya kutokuwa na imani ni uamuzi wa Bunge wa kuinyima serikali, au kiongozi wake, ridhaa ya kuendelea na madaraka. Katika chimbuko lake haihitaji jinai wala ushahidi; wingi wa kura unatosha. Uingereza, usiku wa Machi 28, 1979, serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Ukaitishwa uchaguzi, Margaret Thatcher akashika hatamu.

Huo ni mfumo wa kibunge: Waziri Mkuu hutegemea imani ya wabunge, na waliompa wanaweza kumpokonya. Katika mfumo wa urais, imani hutoka kwa wapigakura. Bunge likimchoka tu Rais, halina la kufanya, sharti limshtaki. Kenya huita hatua hiyo kumbandua. Ibara ya 145 ya Katiba ya 2010 inataka tuhuma nzito, theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya Seneti. Utaratibu huohuo, unaomhusu pia Naibu Rais, ulimng'oa Rigathi Gachagua Oktoba 2024: wabunge 281 waliunga mkono hoja, Seneti ikathibitisha mashtaka matano kati ya 11.

Tanzania imechanganya mifumo hiyo miwili. Rais huchaguliwa na wananchi. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais, kisha Bunge humthibitisha kwa kura. Kwa kuwa wabunge walimpigia kura, Ibara ya 53A inawaruhusu kumkataa. Hoja hutiwa saini na wabunge wasiopungua asilimia 20, Spika hupewa taarifa siku 14 kabla, na ili ipite lazima iungwe mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote. Aprili 2012 mbunge Zitto Kabwe alikusanya saini dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, lakini mkutano wa Bunge ulikuwa ukingoni na siku 14 hazikupatikana. Mwezi uliofuata Rais Kikwete alipangua Baraza la Mawaziri, Pinda akabaki.

Hata kama hoja ile ingepita, mawaziri wote wangepoteza nafasi zao, Rais angeteua Waziri Mkuu mwingine, na Rais mwenyewe angebaki Ikulu. Kura inayoiangusha serikali London, Dodoma humwondoa msaidizi wa mkuu wa serikali. Anayetaka kumwondoa mkuu mwenyewe ni lazima aende Ibara ya 46A, kwenye mashtaka na theluthi mbili.