Kulaza kuku usiku: Kaaleng na nyanda kame za Turkana

Kulaza kuku ni kazi za kuanzia machweo hadi mapambazuko zinazomwezesha kuku wa nyumbani kulala salama, kupumua vizuri na kuamka mzima. Makala haya yanazieleza kama zinavyofaa kufanyika Kaaleng, kituo cha Turkana Kaskazini katika wadi ya Kaaleng/Kaikor, na pia Lodwar na Kakuma, ambako joto na vumbi ni vilevile. Ushauri mwingi wa ufugaji unaosambazwa Kenya umetoka nyanda za juu, ambako usiku ni wa baridi na mfugaji hufundishwa kuziba kila upenyo. Ushauri huo ukifuatwa Turkana unaua kuku. Banda la huku lapaswa kumzuia mbweha bila kuuzuia upepo, na karibu kila jambo linalofuata linatokana na hitaji hilo.

Waturkana huhesabu mifugo mitano: ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo na punda. Kuku hayumo. Hawezi kuswagwa kufuata malisho, na familia inapohama humwia mzigo punda ambaye tayari amebeba ngozi, vibuyu na watoto. Amestawi pale watu walipotulia: penye shule, zahanati, misheni na maduka, na katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa 1992 na makazi ya Kalobeyei yaliyofuata 2016. Ndiyo maana boma la miiba la kulaza mbuzi hujengwa kwa ustadi wa vizazi vingi, huku kuku wa nyumba hiyohiyo wakilazwa ndani ya sanduku, ndani ya pipa lililolazwa ubavu, au wakiachwa wajitafutie mti.

Joto la usiku

Lodwar iko mita zipatazo 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika wastani wa nyuzi 35 za Selsiasi, na hata alfajiri kwa kawaida halishuki sana chini ya 24. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hadi 42, na kuku hatoki jasho. Hupoa kwa kuhema mdomo wazi, kwa kutanua mbawa, na kwa kupitisha damu katika upanga, ndevu na miguu isiyo na manyoya. Hewa inayomzunguka ikizidi nyuzi 30 au karibu na hapo, huanza kuhema, na kila pumzi humpotezea maji.

Kwa hiyo usiku ndio muda wake wa kulipa deni la mchana. Asipopoa usiku huamka amechoka, hula kidogo, hutaga mayai yenye ganda jembamba au huacha kutaga kabisa. Mabati yanayoguswa na fito za kulalia, kuta za matofali ya udongo zilizoota jua mchana kutwa, na mlango usio na tundu hulifanya banda liendelee kutoa joto hadi usiku wa manane. Nyumba nyingi za Kakuma zimejengwa kwa matofali na mabati, na banda linaloegemezwa kwenye ukuta wa aina hiyo upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, ndilo baya kuliko yote. Dawa yake ni nyepesi. Juu ya mabati hutandikwa makuti ya mkoma, chini ya mabati huachwa nafasi hewa ipite, na kuta zinakuwa za waya au fito zilizoachana.

Kuku wenyewe hutofautiana. Kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, na kidimu, ambaye manyoya yake yamejipinda nje, hutoa joto mwilini kwa urahisi kuliko kuku aliyefunikwa vizuri. Mfugaji wa Kaaleng anayechagua jogoo wa mbegu hana sababu ya kuwadharau kwa sura zao.

Upepo

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi wa nchi tambarare ambamo upepo hubanwa na kuongeza kasi. J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza mkondo huo wa upepo kitaalamu mwaka 1982. Hutoka kusini-mashariki na hushika kasi zaidi usiku na alfajiri, saa zilezile kuku wamelala. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, mitambo 365 ya kuzalisha umeme imesimikwa kwa sababu yake.

Kwa kuku upepo huu ni neema, ila usimpige moja kwa moja pamoja na mchanga, kwani vumbi huchubua macho na njia ya hewa, na vijidudu hupata pa kuingilia. Upande unaotoka upepo hufaa kuwekewa kinga ya fito na makuti inayofika kimo cha mgongo wa kuku aliyetua. Juu ya hapo ibaki waya mtupu. Vilima hubadili upepo, kwa hiyo kabla ya kujenga mtu aangalie miti ya hapohapo kwake imeinamia wapi.

Mahali pa banda pia huchaguliwa kwa kuhofia maji, hata katika nchi inayopata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Mvua ikinyesha vilimani jioni, laga iliyokuwa mchanga mkavu inaweza kujaa usiku bila tone kuanguka kijijini. Kivuli cha miti ya kandokando ya laga kinavutia, lakini si mahali pa kulaza mnyama aliyefungiwa.

Jioni

Kaaleng jua huzama kati ya saa 12 na dakika 20 jioni na muda mfupi kabla ya saa 1 usiku, kutegemea mwezi. Kuku huona vibaya gizani, hivyo huanza kurudi wenyewe mwanga unapopungua. Mfugaji anayewamwagia punje chache za mtama au mahindi wakati huo, mahali pamoja kila siku, anapata mambo mawili: huwahesabu wakiwa wamekusanyika, na huwapa chakula kwa saa inayofaa. Umeng'enyaji hutoa joto mwilini kwa saa kadhaa baada ya kula. Kuku aliyeshiba jioni hulitoa joto hilo usiku, ilhali aliyeshiba adhuhuri hulibeba pamoja na jua. Akishapanda, mfuko wa chakula chini ya shingo hupapaswa kwa vidole. Ulio mtupu jioni ni dalili ya mapema ya ugonjwa, kabla mbawa hazijalegea.

Fito za kulalia ziwe za mviringo, unene wa sentimita 4 hadi 5, zote kimo kimoja ili wasigombanie iliyo juu, na kila kuku apate sentimita 25 au zaidi. Vipimo vya sehemu za baridi ni vya kubana zaidi kwa sababu huko kuku huoteana. Kuku akichuchumaa, mishipa ya miguu hujikaza na vidole hushika fito bila yeye kutumia nguvu, ndiyo maana haanguki usingizini.

Maji safi huwekwa ndani jioni, katika chombo cha udongo ikiwezekana. Gizani hawatayagusa, lakini mwanga wa kwanza utawakuta na kiu.

Wawindaji wa usiku

Mbweha mgongo mweusi huchimba. Humzuia mawe makubwa yaliyopangwa kuzunguka msingi, au waya uliofukiwa sentimita 30. Kanu hapindui mawe; hupanda, na penye upenyo unaopitisha kichwa chake mwili mzima hufuata. Waya mwembamba wa kuku wenye matundu ya inchi moja huzuia kuku asitoke, lakini nyoka mdogo hupita, na mbwa mwenye njaa huurarua. Palipo na uwezo, sehemu ya chini ifungwe waya mgumu wa matundu ya nusu inchi. Pasipo na uwezo, matawi ya mgunga au mathenge yaliyoshindiliwa miiba ikitazama nje, kama ya boma la mbuzi, hufanya kazi nzuri na hayazuii hewa.

Swila na kifutu huja kwa ajili ya panya, mayai na vifaranga, na panya huja kwa ajili ya punje zilizobaki. Kufagia mabaki kabla ya giza kunamlinda hata mtoto wa nyumba, kwa kuwa mkono unaoingizwa kwenye kiota gizani ndio unaoumwa. Tochi kwanza, mkono baadaye.

Familia nyingi huwaingiza kuku ndani ya nyumba wanamolala watu. Dhidi ya mbweha na mwizi hakuna kinga inayoishinda. Hata hivyo kinyesi cha kuku hubeba bakteria za Salmonella na Campylobacter, ambazo huwaharisha watoto wadogo, na mtoto anayetambaa kwenye sakafu waliyolala kuku hukosa pa kuvikwepa vijidudu hivyo. Banda lililo hatua chache kutoka mlangoni, karibu kiasi cha kusikia kelele, ni bora zaidi hata likiwa dogo.

Papasi wa kuku

Adui asiyezungumzwa vya kutosha ni papasi wa kuku, Argas persicus, kupe laini wa nchi kame. Mchana hujificha kwenye nyufa za fito, chini ya maganda ya mti na katika maungio ya mbao. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi. Mtu anayekagua kuku wake saa nne asubuhi haoni kitu, ila vifaranga wenye upanga uliopauka. Anayekwenda na tochi saa tatu au nne usiku, akainua ncha ya fito, humkuta: bapa, rangi ya kahawia, umbo la yai, akitembea kuelekea miguu ya kuku.

Hudhoofisha kwa kunyonya damu, kisha huambukiza Borrelia anserina, inayoleta homa, kinyesi cha kijani na kifo. Dalili hizo hufanana na za kideri, na kundi linaweza kufa huku mwenyewe akilaumu chanjo. Papasi mzima hustahimili zaidi ya mwaka bila kula, kwa hiyo kuliacha banda tupu msimu mmoja hakusaidii. Fito zitolewe, zimwagiwe maji yanayochemka au zipitishwe motoni, maganda ya mti yabanduliwe yote, na miguu ya banda lililoinuliwa ipakwe oili chafu. Fito chache laini zinazong'oka kwa urahisi zinafaa kuliko nyingi zilizopigiliwa misumari.

Chanjo na vifaranga

Usiku ndio wakati mwafaka wa kuwashika kuku. Hawakimbii, hawapati joto la purukushani, na hakuna anayerukwa. Chanjo ya kideri ya I-2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na Peter Spradbrow na wenzake, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida na hubebwa hadi vituo vya mbali ikiwa imefungwa kitambaa kibichi, mbali na jua. Dozi yake ni tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi 4. Watu wawili wenye tochi iliyofunikwa kwa kiganja humaliza kundi la nyumbani kabla ya chakula cha usiku kuiva.

Makoo mwenye vifaranga halazwi pamoja na wengine. Hufunikwa chini ya tenga lililosukwa kwa makuti, lenye jiwe juu na mawe kuzunguka, mahali pasipopigwa na upepo, kwa sababu kifaranga wa wiki ya kwanza bado huhitaji joto la mama hata Turkana. Papasi wachanga hung'ang'ania chini ya mbawa kwa siku kadhaa, kwa hiyo vifaranga hutazamwa mmoja mmoja wanapofunikwa. Asubuhi tenga huinuliwa mwisho, jua likishatoka na mwewe wakiweza kuonwa. Kuku wakubwa wao hufunguliwa mapema kabisa, kungali baridi. Banda hubaki wazi ili matetea warudi kutaga kivulini, na mayai hukusanywa kabla ya saa nne.