Sarafu ya mfalme asiyeona

Wakusanyaji wa sarafu za kale huwania sana vipande vya majaribio, vile vichache vinavyogongwa kwanza ili wakubwa waamue kama muundo unafaa. Ukiniuliza mimi, krone ya dhahabu ya ufalme wa Hannover nayo ilikuwa jaribio tu, ingawa ilitolewa kwa matumizi ya kawaida.

Ilizaliwa na mkataba uliotiwa saini Vienna Januari 24, 1857. Austria na dola za Kijerumani zilikubaliana kwamba nusu kilo ya dhahabu safi itoe krone 50, yaani gramu 10 kwa kila moja. Upande mmoja mtawala aliweka sura yake. Upande wa pili wote walitumia shada la majani ya mwaloni. Wazo zuri, lakini watu walishazoea taler za fedha, na krone haikupangiwa bei maalumu kwa taler. Leo bei hii, kesho ile. Mfanyabiashara gani atapenda hesabu ya namna hiyo?

Kwenye krone ya Hannover kuna uso wa Georg wa Tano. Alipofuka mwaka 1833 akiwa na miaka 14, akawa mfalme 1851. Yeyote aliyeishika sarafu ile aliweza kuutazama uso wa mfalme, isipokuwa mfalme mwenyewe.

Mwaka 1866 aliyakataa masharti ya Prussia. Juni 27 jeshi lake lilishinda pale Langensalza. Siku mbili baadaye, likiwa limezingirwa, likasalimu amri. Ufalme ukamezwa.

Sasa hapa ndipo mwandishi wa habari kama mimi anapokaa sawa kitini. Mwaka 1868 Prussia ilizuia mali ya Georg, na Bismarck akatumia mapato yake, pamoja na mambo mengine, kuyalipa magazeti yaandike anavyotaka. Wajerumani wakaubatiza mfuko ule Mfuko wa Watambaazi.

Sheria ya Desemba 4, 1871 ikaleta dhahabu ya mark, na krone ikabaki historia. Georg alifia uhamishoni, Paris, 1878.

Ukiishika krone yake leo, bado inamwita mfalme wa Hannover, na zile gramu 10 bado ni gramu 10. Lakini yale magazeti yaliyonunuliwa kwa mali yake, nani anayasoma?