Malipo ya kandarasi yanapozua mzozo

Mjini Nyeri, kama ilivyo Karatina, Nanyuki na Embu, mzozo wa ujenzi aghalabu huzuka kwa jambo dogo: kazi ya ziada iliyoagizwa kwa mdomo, ambayo mwenye jengo huikana siku ya kulipa. Wengi hukimbilia mahakamani ilhali mkataba wenyewe umewaelekeza kwingine.

Mkataba wa Baraza la Pamoja la Ujenzi wa mwaka wa 1999 hupeleka mizozo kwa msuluhishi. Sharti lake la kutoa ilani ndani ya siku 90 tangu jambo litokee au ligunduliwe ndilo huwanasa wanakandarasi wasiopenda kuandika barua, nao ni wengi.

Mshtakiwa anayetaka usuluhishi sharti aombe kesi isimamishwe mapema, kabla ya kuanza kujitetea. Ndivyo isemavyo Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Uamuzi wa msuluhishi huweza kubatilishwa na Mahakama Kuu kwa sababu chache tu, na ombi huwasilishwa ndani ya miezi mitatu.

Kwa fundi anayedai kisichozidi Sh1 milioni, ipo Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, ambayo hutaka kesi ikamilike kwa siku 60. Madai mengine ya mkataba hufa baada ya miaka sita.