Vipando vya Ngongo na Ua la Mkorosho

Ndugu zetu mlio nyumbani na mlio mbali, kila ukiingia mwezi wa nane sisi watu wa Mtwara tunaijua safari. Tunapita Mikindani na Mnazi Mmoja, zaidi ya kilomita 100, hadi viwanja vya Ngongo, nje kidogo ya mji wa Lindi. Hapo ndipo Lindi na Mtwara hukutana kwa Maonesho ya Nane Nane, Kanda ya Kusini.

Wazee wetu walianza na Saba Saba. Tarehe 7 Julai ni siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954, na kwa miaka mingi ilikuwa pia sikukuu ya wakulima. Katika miaka ya 1990 wakulima wakapewa siku yao, 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki kuwa ya biashara.

Tukirudi Ngongo wengi tunasimulia ngoma, mishikaki na vumbi. Lakini roho ya maonesho ni vipando. Mazao hupandwa mapema ili siku ikifika mkulima ayakute yamesimama. Pale haambiwi tu kwamba mbegu fulani ni bora. Anaishika, anaihesabu, anauliza. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kusini tumeujua umuhimu wa kujaribu kwanza kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea misitu ikafyekwa. Kwa ajili yake Mtwara ikajengewa bandari na reli. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Fedha zilikuwepo na matrekta yalikuwepo, ila ardhi na mvua hazikupimwa vya kutosha. Reli iling'olewa, bandari tunayo hadi leo.

Kisha ikaja zamu ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ilikuwa duni, watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, na ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua kabla hayajashika. Ua la mkorosho ni dogo, lakini ndilo lililotuezekea bati na kutulipia ada. Liliponyauka, nyumba nyingi ziliyumba.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, hawakukata tamaa. Walijaribu salfa, wakachagua mikorosho bora, wakafundisha kubebesha miche. Kazi hiyo ilianzia kwenye vishamba vya majaribio, ikafika kwa wakulima mmoja mmoja. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Naliendele hiyo hiyo imetupatia karanga za Pendo na Mnanje, na ufuta wa Lindi 02.

Lakini tuseme kweli. Mkulima wa Kitaya au Msimbati akipiga hesabu ya nauli ya kwenda Ngongo na kurudi, mara nyingi hubaki nyumbani. Na sisi tunaofika, tukishakula mishikaki, mengi tuliyoyaona tunayaacha kule kule uwanjani. Nane Nane huja siku chache kwa mwaka. Shamba linamngoja mkulima mwaka mzima.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ina jambo moja: kuileta Ngongo nyumbani. Tunataka kila shule ya msingi ya kwetu iwe na vipando vyake kando ya barabara, mzazi apite aone, na tuwe na kitalu cha miche ya mikorosho iliyobebeshwa. Mikorosho mingi tunayovuna ilipandwa na babu zetu, na imezeeka.

Toa ulichonacho: fedha, jembe, kipande cha ardhi, au siku moja ya kazi ukija likizo. Waliotutangulia walitupandia. Na sisi tuwapandie watakaokuja.