Kwenda Visiwani au Kuomba Upya: Aliyekosa Udaktari Marekani Apime Nini

Msomaji aliyezoea udahili wa Muhimbili au wa Chuo Kikuu cha Nairobi hana budi kwanza kuiweka kando picha aliyo nayo. Kwetu kijana hutoka sekondari na alama zake za sayansi akaingia moja kwa moja kwenye udaktari. Marekani haiko hivyo. Huko mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya miaka 4, akiwa amepita kwenye baiolojia, kemia na fizikia, kisha hufanya mtihani uitwao MCAT, ambao alama zake huanzia 472 na kuishia 528. Ndipo huomba nafasi. Katika udahili wa 2023/24 waombaji wa shule zinazotoa shahada ya udaktari ya MD walizidi 52,000, na walioanza masomo hawakufika 23,000. Waliobaki nje ni zaidi ya nusu, na wengi wao wana vyeti vizuri tu; nafasi ndizo chache.

Miongoni mwao wamo watoto wa familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zilizohamia huko. Kijana anapokosa, mazungumzo ya mezani nyumbani hugeukia njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kusoma ng'ambo, hasa visiwa vya Karibi, ambako barua ya kukubaliwa huja upesi. Ya pili ni kukaa mwaka mzima, kurekebisha palipopungua, kisha kuomba upya na kuzilenga shule za osteopathia, ambazo shahada yake ya udaktari huitwa DO. Nitasema mapema ninakoegemea: kwa kijana anayetaka kufanya kazi Marekani, na ambaye faili lake bado linaweza kurekebishwa, mwaka wa kungoja ni nafuu kuliko kiti cha haraka kisiwani. Sababu hazionekani kwenye mlango wa kuingilia shuleni. Zinaonekana kwenye mlango wa kutokea.

Osteopathia ilianzishwa na Andrew Taylor Still, tabibu wa mpakani aliyeishi Kansas na Missouri. Mwaka 1864 alifiwa na watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za zama zile, nyingi zikiwa za zebaki na nyinginezo zenye sumu, hazikumsaidia kitu. Mwaka 1874 alitangaza fikra yake mpya: mwili una uwezo wa kujitibu, na kazi ya tabibu ni kuondoa vizuizi katika mifupa, misuli na mishipa. Mwaka 1892 alifungua shule yake ya kwanza mjini Kirksville, Missouri. Kwa miongo mingi wahitimu wake walidharauliwa na madaktari wa MD. Huko California ilifika mahali mwaka 1962 osteopathia ikamezwa kabisa: daktari wa DO aliweza kulipa dola 65 akapewa cheti cha MD, na leseni mpya za DO zikasitishwa mpaka mahakama ilipoufungua mlango tena mwaka 1974.

Leo daktari wa DO anaweza kupata leseni kamili katika majimbo yote 50. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anaongoza wodi. Mtaala wake ni ule ule wa anatomia, famakolojia na patholojia, ila ameongezewa saa zipatazo 200 za tiba ya mikono. Ukiingia kwenye darasa hilo utakuta vitanda vimepangwa kama vya wodini, na wanafunzi wawili kwa kila kitanda. Mmoja amelala kifudifudi. Mwenzake ameweka vidole gumba viwili pembeni mwa pingili moja ya mgongo, kimoja upande wa kushoto na kingine wa kulia, akitafuta ni kipi kimeinuka zaidi. Kisha anamwomba ajiinue kwa viwiko, kama mtu anayesoma gazeti sakafuni, na anapapasa tena: ule mwinuko umezidi au umetulia? Baadhi ya wanafunzi huipenda kazi hii maisha yao yote. Wengine huiacha siku ya kuhitimu. Ushahidi wake ni mzuri zaidi kwenye maumivu ya mgongo wa chini kuliko kwingineko, na kijana anayeomba shule hizi afadhali alijue hilo mapema, maana kwenye usaili ataulizwa kwa nini anataka osteopathia, na jibu la kwamba alikosa kwingine halimfikishi mbali.

Hapa pana mtego wa jina. Uingereza na nchi nyingi nyingine, mtu aitwaye osteopathi ni mtaalamu wa kunyoosha viungo, wala hajasomea udaktari. DO wa Marekani ni daktari. Mzazi aliyeko Arusha akisikia mwanawe anasomea osteopathia, ana haki ya kushtuka, na ana haki ya kuelezwa.

Visiwa navyo vina historia yao. Chuo cha St. George's kilianzishwa Grenada mwaka 1976, na miaka miwili baadaye zikaja Ross huko Dominica na American University of the Caribbean huko Montserrat. Wateja walikuwa Wamarekani waliokosa nafasi nyumbani. Oktoba 1983 Rais Reagan alipoivamia Grenada, usalama wa mamia ya wanafunzi wa St. George's ulikuwa moja ya sababu alizozitaja mbele ya taifa lake. Montserrat ilipolipukiwa na volkano mwaka 1995, shule ya huko ikahamia Sint Maarten. Septemba 2017 vimbunga Irma na Maria vikapita: wanafunzi wa Sint Maarten wakapelekwa kumalizia muhula Uingereza, na Ross ikaiaga Dominica, ikaishia Barbados mwaka 2019. Anayekwenda kusoma kule anaingia pia kwenye msimu wa vimbunga, na anapaswa kuuhesabu.

Mpangilio wa masomo ni huu: takriban miaka 2 ya sayansi za msingi kisiwani, kisha miaka 2 ya wodini, mara nyingi katika hospitali za Marekani zinazolipwa na shule ili ziwapokee wanafunzi. Madarasa mapya huanza mara mbili au tatu kwa mwaka, na shule huwapokea watu ambao Marekani ingewakataa. Huo ndio wema wake na ndio ukali wake. Mlango ni mpana, lakini ndani mna mitihani ya kuchuja, na wanaopunguzwa njiani ni wengi kuliko katika shule za Marekani, ambako karibu kila anayeingia humaliza. Nimeketi na kijana mmoja aliyerudishwa baada ya mihula mitatu. Alikuwa ameweka mezani karatasi mbili: ya matokeo, na ya deni. Ya deni ilikuwa na tarakimu sita, na hakuwa na shahada wala robo ya shahada. Aliikunja ile ya deni mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Na hata anayemaliza hajafika. Marekani cheti cha udaktari peke yake hakikupi leseni. Lazima upite residensi, yaani mafunzo ya kazini ya miaka 3 hadi 7 hospitalini, na nafasi zake hugawiwa nchi nzima kwa mara moja na mfumo wa kompyuta unaolinganisha chaguo za waombaji na chaguo za hospitali. Ni wiki ya tatu ya Machi. Jumatatu asubuhi kila mwombaji hupata ujumbe unaosema amepangiwa au hajapangiwa; wapi, hausemi. Ambaye hajapangiwa hutuma maombi upya kwenye nafasi zilizobaki, na siku tatu zinazofuata huzipitisha na simu mkononi. Ijumaa saa sita mchana, kwa saa za New York, waliopangiwa hujua mji wao.

Mwaka 2024 matokeo yalikuwa hivi: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa MD waliopangiwa ni asilimia 93.5. Wa DO ni asilimia 92.3. Raia wa Marekani waliosoma nje ni asilimia 67.0, na wasio raia waliosoma nje ni asilimia 58.5.

Tazama pengo lilipo. Kati ya MD na DO ni kama pointi moja. Kati ya DO na Mmarekani aliyesoma nje ni pointi 25; kati ya Wamarekani hao waliosoma nje, mmoja katika kila watatu hakupangiwa. Tena hesabu hii inawahusu tu wale waliofika Machi ya mwisho. Waliochujwa kisiwani hawamo. Ndiyo maana asilimia za kupangiwa zinazotangazwa na shule zinahitaji kusomwa kwa makini: ni asilimia ya nani? Ya walioanza, au ya waliobaki baada ya mchujo? Aprili 2022 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliibana shule moja ya Karibi na washirika wake kwa dola milioni 1.2 kwa madai ya kuwavutia wanafunzi kwa takwimu za uongo, za ufaulu na za kupangiwa.

DO naye ana mizigo yake. Mtihani wake wa leseni ni COMLEX, lakini wengi hufanya pia USMLE wa wenzao wa MD ili hospitali ziweze kuwalinganisha, na hiyo ni gharama na usingizi mara mbili. Tangu 2020 residensi zote ziko chini ya mfumo mmoja wa ithibati, jambo lililomfungulia milango mingi, ila upasuaji wa ubongo na tiba ya ngozi bado ni milima mirefu kwake. Zaidi ya nusu ya madaktari wa DO wako kwenye tiba ya msingi: familia, watoto, magonjwa ya ndani. Aliyesoma kisiwani hupangiwa zaidi huko huko, kwa hiyo anayeota upasuaji wa mifupa asidhani kisiwa ni njia ya mkato.

Pesa zimebadilika hivi karibuni, na wazazi wengi hawajapata habari. Kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, mwanafunzi anayeanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026 hawezi tena kukopa serikalini kiasi chochote anachotozwa. Kikomo kwa masomo kama udaktari ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shule nyingi binafsi za DO hutoza ada inayozidi kikomo hicho cha mwaka. Shule kubwa za Karibi, ada peke yake huvuka dola 200,000, na ni chache kule ambazo wanafunzi wake hupewa mkopo wa serikali. Kinachobaki ni mkopo wa benki, wenye riba yake na mdhamini wake, ambaye mara nyingi ni baba au mama anayefanya zamu mbili. Zipo shule za DO za umma. Mkazi wa Texas anayeomba TCOM ya Fort Worth hulipa sehemu ndogo tu ya ada ya shule binafsi, ila maombi yake hupitia mfumo wa jimbo uitwao TMDSAS. Aliyejaza AACOMAS peke yake, mfumo wa kitaifa wa shule za DO, shule hiyo haitamwona.

Kuomba upya maana yake si kulituma tena faili lile lile. Faili lisilobadilika hupata jibu lisilobadilika, na kuna shule zinazotaka mwombaji aandike amefanya nini tangu alipokataliwa. Kwanza atafute kilichomwangusha. Wanaodahiliwa DO wana wastani wa MCAT wa takriban 504, wakati MD wanakaribia 512. Mwenye 496 na GPA nzuri, yaani wastani mzuri wa alama za chuo, anajua pa kuanzia. Mtihani unaweza kurudiwa, lakini si zaidi ya mara 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili na 7 maishani, basi asiurudie kabla hajawa tayari. Mwenye GPA dhaifu ana kazi ndefu zaidi. Zamani AACOMAS ilimruhusu aliyerudia somo ahesabiwe alama mpya peke yake. Huruma hiyo iliondolewa mwaka 2017, na sasa zote mbili huingia kwenye hesabu. Dawa yake ni mwaka wa masomo magumu ya sayansi, au shahada ya uzamili inayofundishwa sambamba na masomo ya udaktari, akipata A na B+ mfululizo. Kisha amtafute daktari wa DO, amfuate kazini, na amwombe barua.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchelewa. Dirisha la AACOMAS hufunguliwa Mei, na shule hujaza viti kadiri maombi yanavyofika. Faili lililokamilika Juni na lile lililokamilika Desemba, hata kama yanafanana kila kitu, hayashindanii idadi moja ya nafasi.

Wapo ambao ng'ambo inawafaa kweli. Asiye raia wala mkazi wa kudumu hukuta shule nyingi za Marekani zimemfungia, na mkopo wa serikali hapati. Aliyerekebisha kila kinachorekebishika na bado akakataliwa mara ya tatu naye ana haki ya kutazama nje. Nje si Karibi tu: Ireland na Poland zina shule kongwe zenye hospitali zake, na Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia kina mpango ambao wanafunzi wake husoma wodini katika hospitali za Ochsner, New Orleans. Na anayekusudia kurudi Afrika Mashariki apime kwa mizani nyingine kabisa. Huyo awaandikie Baraza la Madaktari Tanganyika au lile la Kenya kabla ya kulipa chochote, akiitaja shahada kwa jina lake kamili, DO au MD, na nchi itakakotolewa.

Barua ya kisiwani kwa kawaida hufika na tarehe ya kulipa amana, siku chache tu mbele. Kabla ya kulipa, mwombaji aijibu kwa maswali matatu, kwa maandishi. Darasa lililoingia miaka 4 iliyopita lilikuwa na wanafunzi wangapi siku ya kwanza? Kati ya hao, wangapi wamehitimu kwa wakati? Na kati ya hao hao wa siku ya kwanza, wangapi wako kwenye residensi leo?