Kwa Nini VVU Haviendi Mwendo Mmoja

Waliozika sana Kagera, Tanzania, na Rakai, Uganda, miaka ya 1980 walikuwa na swali ambalo hata madaktari hawakuwa na jibu lake. Mume anaugua na kufa ndani ya miaka mitatu. Mke wake, ambaye kijiji kizima kinajua naye ana ugonjwa huo, anaendelea kupalilia migomba yake miaka kumi na zaidi. Dawa hakuna. Wengine walisema ni uchawi, wengine ni chakula, na wengine wakamnyooshea mjane kidole: angekufaje wakati ndiye aliyeuleta? Kulijibu swali lile kwa haki kulichukua zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya jibu ilitoka katika damu ya watu wa ukanda huuhuu.

Bila dawa, aliyeambukizwa VVU huchukua kama miaka 10 kufikia UKIMWI. Huo ni wastani tu, na unaficha mengi. Wapo waliomalizika katika miaka miwili, na wapo waliovuka 20 wakiwa na nguvu zao, seli zao za kinga ziitwazo CD4 zikiwa hazijapungua.

Mwaka 1985, katika mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, akiwemo Dkt. Frank Plummer, walianza kuwapima VVU wanawake waliofanya biashara ya ngono. Awali walikuwa wakichunguza kisonono na magonjwa mengine ya zinaa. Wengi wa wanawake wale walikuwa wametoka Kagera. Matokeo yalitisha: miongoni mwa walio maskini zaidi, wawili katika kila watatu walikuwa tayari wameambukizwa. Muuguzi Elizabeth Ngugi ndiye aliyewakusanya na kuwafundisha kutumia kondomu, na naamini bila yeye kuaminiwa pale mtaani utafiti ungekufa mapema.

Kisha likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kati ya wanawake zaidi ya 400 waliofuatiliwa tangu wakiwa hawana virusi, zaidi ya nusu waliambukizwa, lakini wachache walikaa miaka nenda rudi, wateja ni walewale na mtaa ni uleule, na kila kipimo kikarudi safi. Habari zao zilichapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet.

Mwaka huohuo New York ilitoa jibu lake. Stephen Crohn, mchoraji ambaye mwenzi wake alifariki mwaka 1982 na rafiki zake wakafuata mmoja mmoja, alikwenda mwenyewe katika Kituo cha Aaron Diamond kuomba achunguzwe. Seli zake zilimwagiwa VVU vingi kupita kiasi, na virusi vikashindwa kuingia. Sababu ilikuwa CCR5, protini iliyo juu ya seli, ambayo virusi huishika baada ya kuikamata protini ya CD4. Jeni ya protini hiyo ilikuwa na upungufu wa herufi 32, kwa baba na kwa mama. Mwenye upungufu wa upande mmoja huweza kuambukizwa, ila ugonjwa humwendea polepole. Habari hiyo ilizunguka dunia, ikazaa dawa ya maraviroc, na mwaka 2007 ikamfikia Timothy Brown kule Berlin. Alipandikizwa uboho wa mtu mwenye upungufu huo, akawa wa kwanza kutajwa kuwa amepona VVU.

Kwa wanawake wa Majengo, ugunduzi huo haukueleza kitu. Upungufu ule, ambao takriban Mzungu mmoja katika kila 100 anao wa pande mbili, Afrika haupatikani kwa urahisi. Seli za wanawake wa Nairobi zilipowekewa virusi maabara, ziliambukizwa kama za mtu mwingine yeyote. Kilichowakinga kilikuwa kwingine, na kinga yenyewe haikuwa ya kudumu: utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba baadhi yao waliambukizwa baada ya kupunguza kazi ile, yaani mwili ulipoacha kukutana na virusi mara kwa mara. Chanjo iliyotengenezwa Oxford kwa kufuata nyayo za kinga yao ikajaribiwa Nairobi, ikashindwa.

Kwa walioambukizwa tayari, jeni zenye uzito mkubwa kuliko zote ni za HLA, zilizo katika kromosomu ya 6. Hizi hutengeneza molekuli zinazobeba vipande vya protini kutoka ndani ya seli na kuvitandaza nje, kama mchuuzi anavyotandaza bidhaa barazani, ili askari wa kinga wapite na kukagua. Si kila HLA hutandaza kipande kilekile. HLA-B*57 hupenda kuonyesha sehemu za virusi ambazo virusi haviwezi kuzibadili bila kujiumiza. Aina fulani za B*35 huonyesha sehemu zisizo na faida, na mwenye nazo huugua mapema. Mwaka 2010 kundi la kimataifa lililomhusisha Bruce Walker wa Boston lililinganisha watu karibu 1,000 wanaodhibiti virusi bila dawa na wengine wasioweza. Katika vinasaba vyote vya mwili, tofauti zenye uzito zilikutwa katika eneo la HLA tu.

Lakini virusi navyo vina jeni zao. Kule Sydney, Australia, muuguzi wa benki ya damu, Jenny Learmont, alikuwa akifuatilia waliopewa damu yenye VVU. Akagundua kwamba waliopokea damu ya mchangiaji mmoja hawakuwa wakiugua kama wengine. Mchangiaji naye alikuwa mzima. Mwaka 1995 ikajulikana kwamba virusi vyao vyote vilikosa sehemu ya jeni iitwayo nef. Watu tofauti, HLA tofauti, virusi vilevile dhaifu. Hata hivyo, miaka ilipopita, baadhi yao CD4 zilianza kushuka.

Kwetu, swali hilo lina sura ya aina mbili za virusi, A na D, ambazo zinazunguka pamoja Afrika Mashariki. Uganda, katika tafiti za Entebbe na baadaye Rakai, wenye aina D waliugua na kufa mapema kuliko wenye aina A. Dar es Salaam ikaonyesha hivyohivyo mwaka 2006, na Mombasa mwaka 2007. Ya Mombasa ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa kuwa wingi wa virusi katika damu ulikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba aina D huwahi kujifunza kuingia kupitia protini nyingine, CXCR4, na hivyo kushambulia seli nyingi zaidi. Lakini yule mjane wa migomba yaelekea alikuwa na virusi vilevile vya mumewe, hivyo huenda alikuwa na HLA nzuri tu.

Jeni za mtu na za virusi nazo huathiriana. Botswana, ambako maambukizi yalienea sana mapema, virusi vimeizoea B*57 kiasi kwamba utafiti wa mwaka 2014 haukuiona ikiwasaidia wenye nayo kama ilivyowasaidia wenzao wa Afrika Kusini. Ila virusi hivyo, kwa kujigeuza hivyo, vimepungukiwa na kasi ya kuzaliana.

Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Mwenye aina D na B*35 akimeza dawa zake kila siku, virusi hufubaa kama vya jirani yake. Jeni zimebaki na kazi kliniki, ila ni nyingine kabisa: HLA-B*57:01, mmojawapo wa jamii ileile ya B*57 inayokinga, huweza kuleta mzio wa kuua kwa anayepewa dawa ya VVU iitwayo abacavir, na Ulaya mgonjwa hupimwa kwanza. Afrika Mashariki watoto wengi wamepewa abacavir bila kipimo hicho, kwa kuwa B*57 iliyozoeleka huku ni *57:03, isiyo na tabia hiyo. Hata hivyo mzazi huambiwa amrudishe mtoto kliniki mara moja akiona homa na vipele katika wiki za mwanzo.